Aliyeitika Ng'ambo ya Owela

Inatangazwa kwa wananchi wa Maniema na kwa dunia nzima kwamba hifadhi ya taifa iliyoko magharibi ya Kindu sasa iko wazi kwa wageni wote wapendao wanyama na ndege. Ndani ya mipaka yake mna tembo, okapi, bonobo, na tausi wa Kongo, ndege ambaye Mwenyezi Mungu hakumpa nchi nyingine yoyote. Binadamu hamna. Watu waliokimbilia humo wakati wa vita walishatoka wote, kwa hiari yao, na suala lao limefungwa.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyosomwa mbele ya ofisi moja mjini, siku ya jua kali, kwa kipaza sauti kilichokoroma kila lilipofika neno "wageni". Watu walipiga makofi. Aliyekuwa na sababu ya kusikiliza mpaka mwisho alikuwa mmoja tu, Ayoubu, mwita-abiria wa zamani wa bandarini, ambaye mke wake alikuwa miongoni mwa hao waliotoka wote, ila hakuwa amefika nyumbani.

Ayoubu alizaliwa Kasuku, moja ya komini zinazougawa mji wa Kindu, katika nyumba ya Waislamu wa zamani wa mji, wale ambao mababu zao walikuja na misafara ya pwani, wakakuta mto ni mpana na mpunga unakubali, wakasahau kurudi. Hakurithi shamba wala duka. Alikuwa na sauti. Bandari ya Kindu ilimpa kazi ya kusimama juu ya magunia na kuwaita watu wapande boti: "Lokandu! Lowa! Kirundu! Ubunduuu!" Neno la mwisho alilivuta mpaka ng'ambo, Alunguli, watu wakainua vichwa na kuangalia kama wamesahau safari.

Mwanvua aliuza mikate ya kukaanga mita chache kutoka kwenye magunia hayo. Alikuwa mtu asiyeweza kuacha swali lipite bila jibu.

"Nani anaenda Ubundu?" Ayoubu aliita.

"Enda weye! Sisi tuko nauza."

Wapagazi walicheka. Kesho yake aliita tena, akajibiwa tena, na baada ya muda abiria wa Ubundu walianza kulalamika kwamba mwita-abiria anaita upande wa mikate kuliko upande wao. Walioana. Mahari ilipelekwa kwa boti, na aliyeita abiria siku hiyo alikuwa bwana harusi mwenyewe, kwa kuwa hakupatikana mwingine.

Vita vilipokuja boti zilisimama, na mtu ambaye kazi yake ni kuita watu wasafiri akabaki bila kazi wakati ambapo kila mtu alikuwa akisafiri. Waasi walikuwa ndani ya mji, Mai-Mai, wanamgambo wa vijijini, walikuwa nje ya mji, na katikati yalikuwa mashamba ya muhogo, ambayo pande zote mbili ziliyajali sana wakati wa kuvuna. Ayoubu, Mwanvua na Sifa, mdogo wake Mwanvua, waliondoka na majirani kuelekea magharibi, wakavuka mto Lomami, wakaingia msituni mpaka kwenye kijito kiitwacho Owela. Huko walijenga vibanda, wakapanda pilipili, wakajifunza kunyamaza.

Mwindaji aliyewaongoza alipiga marufuku jina la mtu kutamkwa kwa sauti. Alisema askari akishajua jina lako anaweza kukuita akiwa amejificha, na wewe kwa adabu yako utaitika. Kwa hiyo wanawake waliokwenda kuchimba muhogo kwenye mashamba yaliyoachwa walirudi kwa utaratibu mwingine. Huko kuna tausi wa msituni, wenyeji wanamwita ngowe kwa sababu ya sauti yake. Jua likizama dume linaanza, ro-ho-hoo, na jike linajibu, go-we, go-wa, kila moja likiwa juu ya tawi lake, kama mume na mke wanaoulizana nani amefunga mlango. Wanaume wa kambi walipiga sauti ya dume, kumaanisha hakuna askari. Wanawake walijibu kwa sauti ya jike, kumaanisha tumefika, tuwekeeni maji motoni.

Utaratibu ulikuwa mzuri, isipokuwa ndege wenyewe hawakuujua. Jioni moja wanaume waliita, wakajibiwa, wakapika bugali ya watu wengi, na hakuna aliyekuja. Waliokuwa wamejibu walikuwa juu ya mti. Wanawake walifika kesho yake asubuhi na kukuta wanaume wameshiba kwa aibu.

"Mulitengea ndege sahani?" Mwanvua aliuliza.

"Alijibu vizuri kukupita," Ayoubu akasema.

Tangu hapo Mwanvua aliweka alama yake. Neno la mwisho, go-wa, alilikata katikati, ghafla, kama mtu aliyeitwa na shughuli nyingine. Ndege hakati. Ayoubu alikuwa anaweza kuketi amegeuza mgongo, akasikia ile sauti inakatika, akaanza kuchochea moto bila kugeuka.

Siku ya mwisho wanawake walikwenda mashambani, ikasikika milio ya bunduki, na wakarudi mmoja mmoja, kila mmoja kwa njia yake. Sifa alirudi. Mwanvua hakurudi. Ayoubu alipiga sauti ya dume mpaka koo likauma, na msitu wote ukawa umejaa ndege waliokuwa hawana la kusema. Kisha mwindaji akaamuru kambi ihame. Ayoubu aliomba aite jina la Mwanvua mara moja tu, kwa sauti yake ya bandarini.

"Ukiita, tutakufa wote," mwindaji alisema.

Ilikuwa kweli, kwa hiyo hakuita. Mtu aliyewaita watu wa Ubundu wasiomhusu kwa miaka mingi aliondoka Owela bila kumwita mke wake.

Vita viliisha kwa mikataba, na watu wakaanza kutoka msituni. Walitoka kwa miaka. Mama mmoja wa upande wa Kailo alitokea sokoni wakati ameshafanyiwa kilio na mume wake ameshaoa; habari hiyo ilimtia Ayoubu nguvu sana, ijapokuwa yule mume mwenziwe ilimtia katika shida ya namna nyingine. Boti zilirudi. Ayoubu alipanda juu ya magunia, akaita Lokandu, Lowa, Kirundu, Ubundu, na baada ya kila mwito alisubiri kidogo. Abiria walidhani anapumua.

Katika ukoo wa akina Mwanvua mtu aliyepotelea msituni hafanyiwi kilio hivi hivi. Mwenzi wake wa ndoa, au jamaa kama hana ndoa, lazima aende pale alipoonekana mwisho, amwite kwa jina lake, kwa sauti yake yote, mara tatu, mbele ya shahidi asiye ndugu. Asipoitikiwa, wanarudi nyumbani, wanalia, wanasoma hitima, na mtu anapumzika. Akiitikiwa, hakuna kilio. Sifa, ambaye sasa alikuwa akiishi uani kwa Ayoubu pamoja na watoto wake, alitaka jambo hilo limalizike. Alikuwa amekwisha kununua kitambaa cheupe cha kilio na kukiweka sandukuni.

"Shemeji, twende tukamuite dada."

"Mvua, Sifa."

"Mvua imeisha."

"Maji ya Lomami iko juu."

"Maji iko juu miaka yote? Sema unaogopa."

Mtu ambaye hajaita bado hajanyimwa jibu, na Ayoubu aliishi katika nafasi hiyo kama mpangaji anayejua kwamba mwenye nyumba yuko safarini. Kisha serikali ikaja kumsaidia bila kujua: ikachora mipaka, ikaweka walinzi, na Owela ikawa ndani ya hifadhi. Kuingia bila kibali, marufuku. Kupiga kelele, marufuku. Sasa alikuwa na sababu nzuri kuliko mvua, na yenye mhuri.

Angekaa hivyo mpaka mwisho kama si koo lake. Lilianza kukwaruza. Ubundu yake haikufika tena Alunguli. Iliishia katikati ya mto. Wenye boti, ambao ni watu wa huruma lakini pia wa biashara, walinunua kipaza sauti kinachohifadhi maneno, wakamwomba aseme mara moja orodha ya bandari, na kuanzia hapo sauti yake iliita abiria bila yeye. Ayoubu aliketi nyumbani Kasuku akajisikia kwa mbali, mwenye umri mdogo kidogo na asiyechoka, akiita mchana kutwa. Ndipo alipohesabu. Desturi inataka sauti yote. Akisubiri zaidi hatakuwa na sauti yote. Atakuwa na nusu, na kwa nusu ya sauti mtu hawezi kudai kwamba ameita.

Kwa hiyo tangazo lile la mbele ya ofisi lilipomalizia kwamba hifadhi inatafuta waongozaji wa wageni, Ayoubu alikuwa wa kwanza mstarini, mzee miongoni mwa vijana, akieleza kwamba tangu utoto amekuwa na mapenzi makubwa na ndege. Aliyekuwa akisajili aliona amezaliwa Kasuku akasema hata jina la komini linaonyesha.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa parokia. Mwalimu alionyesha picha za simba na twiga, wanyama ambao msitu wetu hauwajui, kwa sababu ndizo picha alizokuwa nazo. Walifundishwa kusalimia kwa lugha mbalimbali na kutomwambia mgeni kwamba bado kidogo tu kama bado si kidogo. Lakini somo kubwa lilikuwa kunyamaza. Mwongozaji mwema, mwalimu alisema, hasikiki. Ayoubu aliyasikiliza maneno hayo kwa heshima, akapewa kofia.

Kilichobaki ni watalii. Ayoubu alikwenda uwanja wa ndege kila ndege ya Kinshasa ilipotua, akiwa na kofia, akawasalimia wazungu wote walioshuka. Walishuka mapadri. Walishuka watu wa mashirika. Alishuka mmoja mwenye buti nzuri, Ayoubu akamkaribia.

"Karibu, Monsieur. Unapenda ndege?"

"Napenda kasiteriti," mzungu alijibu kwa Kiswahili kizuri, akapanda gari la kwenda Kalima, kwenye machimbo ya bati.

Msimu ukapita, na mwingine. Sifa alikuwa akimwangalia akiikung'uta kofia vumbi.

"Shemeji, hawa watalii yako wako wapi?"

"Wako njiani."

"Kama dada."

Halafu alikuja Joris. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ubelgiji, mrefu, mpole, mwenye darubini shingoni, ambaye alikuwa amezunguka dunia akiangalia ndege mpaka akabakiwa na hamu ya mmoja. Alisema jina la tausi wa Kongo kwa namna ambayo Ayoubu aliifahamu mara moja. Mjane anayetaja marehemu hulegeza sauti vile vile. Ayoubu akamwambia kwamba anajua mahali ambapo ngowe wanaitikiana kila jioni, na kwamba mahali penyewe ni kijito cha Owela. Hakudanganya. Alikuwa tu hajapaona tangu vita.

Walipewa mlinzi, Mardochée, kijana mwenye bunduki, buti, na kanuni zote kichwani. Walikwenda kwa pikipiki mpaka barabara ilipokata tamaa, kisha kwa mguu, kisha kwa mtumbwi. Joris alikuwa na kisanduku kidogo kinachotoa sauti ya tausi iliyorekodiwa, dume kwa jike, ili ndege wakisikia wajibu. Alikionyesha kwa fahari. Ayoubu aliomba kukisikia. Dume likaita, jike likajibu, papo hapo, bila dume kungoja hata kidogo.

"Huyu anapata raha," Ayoubu alisema.

Kwenye kuvuka Lomami mtumbwi uliyumba, na kisanduku kikaingia majini. Walikitoa, wakakianika, wakakiombea, kila mtu kwa dini yake. Kilikuwa kimekufa.

Walifika Owela alasiri. Msitu ulikuwa umejirudishia vitu vyake. Vibanda havikuwapo, mahali pa moto hapakuwapo. Lakini kando ya maji palikuwa na mti wa pilipili, mnene, umejaa matunda mekundu. Ayoubu alisimama mbele yake muda mrefu.

"Hii pilipili imetoka wapi, shefu?" alimwuliza mlinzi.

"Ndege njo wanaleta," Mardochée akasema. "Hapa hakujakuwaka mutu."

Jua lilipoanza kushuka waliketi kwenye mizizi wakingoja. Hakuna ndege aliyeita. Joris alishika kisanduku chake kilichokufa kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Hatimaye akamwuliza Ayoubu kama anaweza kuita kwa mdomo, kama wafanyavyo wawindaji.

"Ni marufuku," Mardochée alisema. "Mutu hapigake kelele ndani ya parke."

"Na kisanduku?"

"Kisanduku iko na ruhusa. Kifaa kinaruhusiwa."

"Kifaa kimekufa, shefu."

Mardochée alifikiri. Alikuwa kijana mwadilifu na hakutaka kuvunja kanuni, lakini pia hakutaka mgeni wa kwanza wa hifadhi arudi kwao akilia. Alizipitia kanuni zote kichwani, akapata njia.

"Basi," alisema, "kama Papa Ayoubu anashika nafasi ya kifaa, kwa sasa Papa Ayoubu njo kifaa. Kifaa, ita."

Ayoubu alisimama. Alivua kofia. Alielekea ng'ambo ya kijito, upande wa mashamba ya zamani, ambako wanawake walizoea kutokea.

"Mwanvuaaa!"

Haikuwa sauti ya dume la tausi. Ilikuwa sauti ya bandarini, ile ya zamani, yote, isiyo na mkwaruzo, ambayo yeye mwenyewe alidhani amewauzia wenye boti. Nyani walinyamaza. Joris aliteremsha darubini.

"Papa, ndege anaitwa Mwanvua?" Mardochée alinong'ona.

"Njo jina lake."

Aliita mara ya pili, akangoja. Maji yalipita. Aliita mara ya tatu, na hapo koo lilifika mwisho wake. Neno lilitoka na kitu kingine ndani yake, na baada ya hapo Ayoubu hakuweza kuita Ubundu wala kitu chochote tena maisha yake yote. Alibaki amesimama, mikono chini, kama mtu aliyeweka mzigo mbele ya mlango.

Ng'ambo ya Owela, juu kidogo ya maji, sauti ikaitika.

Go-we. Go-w

Na hapo hapo Joris, ambaye alikuwa amengoja ndege huyo kwa nusu ya umri wake, alipiga ukelele wa furaha, akamkumbatia Mardochée pamoja na bunduki yake. Walipoachiana, ng'ambo kulikuwa kimya. Ayoubu alikuwa ameinama amefunga macho, amekaza sikio, na sikio halikuwa na kitu. Kama neno lilimalizika au lilikatwa, hakuna aliyesikia.

Walingoja mpaka giza likaingia. Kesho yake walingoja tena. Joris hakuona hata unyoya, lakini alisema kusikia kunatosha. Alisema hivyo mara nyingi njia nzima, mpaka ikawa wazi kwamba hakutoshi.

Sifa aliwapokea uani. Alikuwa ametandika mkeka, amewaambia wazee wa msikiti wakae tayari kwa hitima, amepepeta mchele, na kitambaa cheupe kilikuwa magotini pake. Ayoubu hakuwa na sauti ya kueleza, na kwa desturi yeye si wa kuulizwa. Aliulizwa shahidi asiye ndugu, ambaye ni Mardochée, aliyekuja na buti zake kusaidia kushusha mizigo na hakuwa amejiandaa kwa kesi.

"Mwanangu," Sifa alisema, "shemeji yangu aliita?"

"Aliita, mama. Mara tatu."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

"Kuliitika, ao hakukuitika?"

Mardochée aliangalia buti zake. Ndani ya hifadhi hamna binadamu. Hilo alilijua kwa moyo. Lakini alikuwa ameulizwa swali lingine.

"Kuliitika."

"Nani?"

"Mama, miye nilisikia ndege."

"Ndege alisema nini? Fanya nisikie."

Mlinzi wa taifa akaweka mikono mdomoni, katikati ya ua wa Kasuku, watoto wakimtazama, akaita: go-we, go-w… Akaishia hapo.

Sifa aliinua kichwa. Alikuwa ameishi Owela; aliwahi kuikosa ile bugali ya ndege.

"Malizia."

"Siwezi kumalizia, mama. Mugeni alipiga kelele. Mwisho yake hatukusikia."

"Hamukusikia kama alimaliza?"

"Hatukusikia."

"Ao kama alikata?"

"Hatukusikia, mama."

Sifa aligeuka kumtazama shemeji yake, akamkuta ameketi mgongo kwao, akichochea moto chini ya sufuria, polepole, bila kugeuka. Basi alikunja kitambaa, akakikunja tena, akainuka akakirudisha sandukuni. Aliporudi alimwita mtoto amkimbilie imamu amwambie kwamba leo hakuna hitima, ila mchele umeshapepetwa, kwa hiyo waje tu wale.

Mwaka uliofuata tangazo lilisomwa tena, mahali pale pale, neno kwa neno, pamoja na nyongeza kwamba utalii umeanza rasmi. Mardochée alilisikiliza akiwa amesimama mstarini na walinzi wenzake, wima, bila kutikisika. Doria yake hupita Owela kila mwezi. Kabla ya kuvuka kijito, hupiga hodi.